Njia za Ng'ambo: Zipenyazo na Zilizozibwa

(Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imenipa heshima ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulikanyaga kila siku, nalo ni njia. Sikusudii kusema juu ya lami na mashimo, maana hayo tumekwisha kuyalalamikia mara nyingi, na yana mlango wake katika ripoti hii. Nakusudia kuuliza swali jingine, ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko lami: je, njia za mitaa yetu zinapenya? Mtu akitoka mlangoni kwake aweza kwenda pande zote nne, au ana tundu moja tu la kutokea na kuingilia? Na zile njia walizotuachia wazee wetu, ngapi zimesalia, na ngapi zimezibwa kwa kuta zetu wenyewe?

Nasema jambo hili kwa sababu miongoni mwa mashauri yanayoletwa mbele ya Kamati, ugomvi wa njia haukosekani, iwe ni mtu na jirani yake, iwe ni warithi wa shamba moja. Kila shauri husikilizwa peke yake kana kwamba ni kisa cha watu wawili tu. Walakini ukiyakusanya yote pamoja waona kwamba ni habari moja, nayo ni habari ya jinsi mji wetu ulivyokua.

Kwanza, yafaa tuelewane juu ya maana ya njia kupenya. Wataalamu wa miji wana namna ya kuipima. Huhesabu njia panda, na katika kila moja hutazama ni njia ngapi zinazokutana: nne, tatu, au ni mwisho wa njia usio na pa kutokea. Kisha hulinganisha umbali wa kukata moja kwa moja na umbali ambao mtu analazimika kutembea kwa kufuata barabara. Wataalamu wawili, Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, waliipima dunia nzima kwa namna hiyo na kutangaza matokeo yao mwaka 2020. Waliona kwamba tangu mwaka 1975 mitaa mipya katika sehemu nyingi za dunia imezidi kujengwa kwa njia zisizopenya. Na waliona jambo la pili ambalo nawaomba Wazee walishike: mtaa ukianza kwa njia zilizofungika, huelekea kubaki hivyo. Nyumba huanguka ikajengwa nyingine, bati likavuliwa likawekwa jipya, lakini mstari wa njia hudumu kuliko nyumba na kuliko mjenzi wake.

Mtu asidhani kuwa kupenya ni upana. Tazameni Mji wa Kale kule kisiwani. Vichochoro vyake ni vyembamba, motokaa haiwezi kupita katika vingi vyao, na mgeni hupotea. Lakini mwenyeji hutoka sokoni akafika msikitini, akatoka msikitini akafika pwani, na akikuta njia moja imefungwa kwa arusi au kwa matanga hupita nyingine. Sasa tazameni baadhi ya mitaa mipya ya Nyali na Bamburi: barabara pana, nyumba nzuri, ukuta mrefu na geti moja lenye bawabu. Pana upana, lakini hapana kupenya. Mtu wa nje hulazimika kuuzunguka ukuta wote, na mtu wa ndani akitaka kwenda duka lililo nyuma ya nyumba yake hupanda motokaa.

Sasa turudi kwenye historia. Zamani ng'ambo zetu zote tatu zilikuwa mashamba ya minazi na miembe na vijiji vilivyotengana. Njia zilikuwa za miguu, nazo zilikwenda palipokuwa na haja: kisimani, msikitini, pwani penye mitumbwi, na kutoka kijiji hadi kijiji. Hakuna aliyezichora, ila nyayo. Freretown, iliyoanzishwa na Misheni mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, ilikuwa kijiji cha namna hiyo upande wa Kisauni. Na hata leo njia panda ya Kengeleni yaitwa kwa jina la kengele yake.

Kisha kikaja kivuko cha kila upande, na kila kivuko kilileta mji wa namna yake. Upande wa Changamwe ilikuja reli, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kuvuka Makupa kwenda bara. Upande wa Kisauni lilifunguliwa daraja la kuelea la Nyali mwaka 1931, lililotozwa ada kwa wapitao, na mwaka 1980 likafunguliwa daraja jipya la kudumu. Upande wa Likoni kivuko cha feri kilianza mwaka 1937.

Hebu tazameni hesabu za watu. Mwaka 1948 Mombasa ilikuwa na watu kama 85,000, wengi wao wakiishi kisiwani. Mwaka 1962 walikaribia 180,000. Mwaka 1979 walikuwa 341,148, na mwaka 1999 walikuwa 665,018. Katika hesabu ya mwaka 2019 walifika 1,208,333. Katika hao, Mvita, yaani kisiwa, ilikuwa na watu 154,171 tu. Kisauni na Nyali kwa pamoja zilikuwa na 508,507. Changamwe na Jomvu 295,297. Na Likoni 250,358. Maana yake ni kwamba katika kila watu mia wa Mombasa, themanini na saba wanakaa ng'ambo. Sisi tuliozoea kusema "nakwenda mjini" tukivuka daraja hatuna budi kutambua kwamba mji umekwisha kutuvukia sisi.

Je, watu hao wote walipokelewa na njia za namna gani? Kila upande una habari yake.

Changamwe ilikatwa vipande na kazi kubwa kabla ya kukatwa na nyumba. Reli ilipita, bandari ikachukua Kipevu, uwanja wa ndege ukachukua Port Reitz, na mwaka 1963 kiwanda cha kusafisha mafuta kikaanza kazi. Kila kimoja kilikuja na ua wake, na ua wa namna hiyo hauna njia ya mkato. Kiwanda cha mafuta kiliacha kusafisha mwaka 2013, lakini ua ungalipo. Hivyo mitaa ya Chaani, Migadini, Magongo na Mikindani imebanwa baina ya kuta za mashirika na barabara za malori, na mtu hulazimika kutoka hadi barabara kuu ili aende mtaa wa pili. Hata hivyo Changamwe inatupa mfano mwema pia. Katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, viwanja vya Mikindani vilipimwa na njia zikaachwa kabla ya nyumba kusimama, na Chaani, iliyokuwa imekwisha kujengwa, ilitengenezewa njia baadaye. Waliofanya kazi zote mbili waliona tofauti yake: kuacha njia mapema ni kazi ya kamba na vigingi, na kuitafuta baadaye ni kazi ya kubomoa na kulipa.

Kisauni ina habari ya wenye mashamba. Wazee mnaijua desturi yetu ya pwani ya nyumba bila ardhi. Mwenye shamba alikata viwanja, mjenzi akajenga nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vyake sita na ukumbi katikati, akawa anamlipa mwenye shamba kodi ya ardhi kila mwezi. Desturi hiyo ina dhuluma zake, na chama hiki kimezisema. Lakini mwenye shamba aliyekuwa na akili alijua kwamba kiwanja kisicho na njia hakina kodi, basi akapanga nyumba kwa mistari na kuacha kichochoro kati ya mstari na mstari. Mambo yaliharibika zaidi baada ya daraja la mwaka 1980. Watu walivuka kwa wingi, mashamba yakagawanywa na warithi, kila mrithi akauza kipande chake peke yake, na kila mnunuzi akaacha njia ya kumfikisha yeye tu. Kutoka Mlaleo hadi Mtopanga, na kutoka Kiembeni hadi Utange, utaona njia nyingi zilizoanza kwa furaha barabarani zikaishia kwenye ukuta wa mtu. Shamba la mirathi lililogawanywa mara tatu bila shauri moja huzaa njia zisizojuana.

Likoni ina habari ya maji. Kwa miaka mingi, mtu wa Likoni aliyetaka kufika Changamwe kwa gari alikuwa na mambo mawili tu: kupanda feri, au kuzunguka mbali sana kwa njia ya Kinango hadi barabara ya Nairobi. Watu wapatao 300,000 hutajwa kuwa huvuka kwa feri kila siku. Mkusanyiko wa watu wengi juu ya njia moja ni hatari, na tulifundishwa hilo kwa machozi tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakapoteza maisha yao. Mungu awarehemu. Ndani ya Likoni kwenyewe, barabara moja kubwa iendayo Ukunda imekuwa kama uti wa mgongo wa samaki, na mitaa imeshikamana nayo kama miiba: kila mwiba umeshika mfupa, lakini mwiba na mwiba haikutani. Atokaye Timbwani kwenda Mtongwe mara nyingi hulazimika kurudi kwanza barabarani.

Sasa mambo yamebadilika tena. Barabara ya Dongo Kundu ilifunguliwa sehemu yake ya kwanza mwaka 2018, na mwaka 2024 magari yakaweza kuvuka Mwache na Mteza hadi upande wa kusini bila kupanda feri. Hii ni neema, na twaishukuru. Lakini nawaomba tukumbuke Kisauni. Daraja huleta watu upesi kuliko mtu awezavyo kupima viwanja. Likoni, iliyokuwa na watu wasiofika 100,000 mwaka 1999, imekwisha kuzidi mara mbili na nusu katika miaka ishirini, na hiyo ni kabla ya barabara mpya. Hapana shaka kwamba wanunuzi wa viwanja watafuata barabara kama nyuki wafuatavyo maua. Mashamba yaliyo wazi leo nyuma ya Mtongwe na Shika Adabu, kesho yatakuwa mitaa. Njia zitakazoachwa humo katika miaka michache ijayo ndizo zitakazotumiwa na wajukuu zetu. Samaki mkunje angali mbichi.

Pengine mtu atauliza: hasara iko wapi? Njia ikizunguka, si watu watazunguka? Ndiyo, watazunguka, na hebu tuhesabu. Tuchukue mfano wa mtoto ambaye skuli iko nyuma ya nyumba yao, hatua chache tu, lakini kichochoro kimezibwa, naye hutembea kilomita moja kuzunguka. Kwenda na kurudi ni kilomita mbili kwa siku. Kwa siku tano za wiki na wiki 39 za masomo, amekwenda kilomita 390. Hiyo ni zaidi ya robo tatu ya safari ya Mombasa hadi Nairobi, kwa miguu, kila mwaka, kwa sababu ya ukuta mmoja. Mwenye kusukuma mkokoteni wa maji huongeza bei kwa mzunguko huo, na anayeilipa ni mama mwenye nyumba. Mwenye kupanda bodaboda hulipa safari ambayo ingalikuwa matembezi.

Yako makubwa kuliko hayo. Moto ukishika katika mtaa wenye tundu moja, watu wanaokimbia kutoka na motokaa ya zimamoto inayotaka kuingia hukutana mlango mmoja. Mzazi akishikwa na uchungu usiku, hubebwa hadi gari lilipo. Na jeneza, Wazee wangu, jeneza halijui kukunja kona ya kichochoro kilichobaki upana wa bega la mtu. Iko mitaa ambayo maiti hutolewa kwa kuinamishwa na kupitishwa juu ya kuta. Hiyo si heshima ya marehemu, wala si heshima ya sisi tuliobaki. Tena husemwa kwamba heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali; lakini njia ikizibwa, jirani wa karibu naye huwa mbali.

Sitakuwa mwaminifu nisipoyataja maneno ya upande wa pili, maana yana haki yake. Wako wasemao kwamba njia inayopenya hupitisha mwizi. Ni kweli mwizi hupita njiani, lakini hupita pia katika njia isiyo na watu kwa usalama zaidi. Njia yenye wapitaji, yenye muuza mahamri asubuhi na wazee wa bao jioni, ina macho mengi. Na panapo haja, mtaa waweza kukubaliana mlango wa kichochoro ufungwe saa za usiku na kufunguliwa alfajiri. Hilo ni bora kuliko ukuta usiofunguka.

Wako wasemao kwamba ardhi ni haba, na anayeacha njia hupoteza mali. Nao wasidharauliwe. Si haki mtu mmoja atoe futi zake kwa faida ya mtaa mzima, naye mtaa umwambie asante tu. Wale wanaofaidika na njia yawapasa kumchangia aliyeitoa.

Na wako wasemao kwa hofu zaidi: njia ikifunguliwa, nyumba zetu zitabomolewa, na mwenye nyumba asiye na hati ya ardhi atakuwa wa kwanza kufukuzwa. Hofu hii ni ya watu wengi katika chama hiki, nami naiheshimu. Ndiyo sababu sishauri tungoje mpaka njia zitafutwe kwa tingatinga. Mtaa uliokwisha kukubaliana wenyewe juu ya njia zake, nyembamba za miguu na mkokoteni, una neno la kusema mbele ya serikali. Mtaa usio na njia wala mapatano huchorewa barabara na watu wa mbali, na mistari yao haijui ukumbi wa nani uko wapi.

Basi, Bwana Mwenyekiti, naomba kuweka mbele ya mkutano huu mambo manne.

La kwanza, kila tawi la chama liwe na Daftari la Njia. Vijana wawili na mzee mmoja watembee mtaa wao, waandike kila njia na kichochoro: kinaanza wapi, kinaishia wapi, kinapenya au hakipenyi, na wazee wanakijua tangu lini. Vijana wenye simu waweza pia kuzichora katika ramani ya OpenStreetMap, ambayo hutengenezwa na watu wa kujitolea duniani kote, na ambayo ndiyo wale wataalamu waliitumia. Njia isiyoandikwa ni rahisi kuzibwa, na mwenye kuiziba husema haikuwako.

La pili, mwanachama yeyote anayegawanya shamba, liwe la mirathi au la kununua, akubali kuacha njia yenye kutokea pande mbili, na ipakane na njia ya shamba la jirani. Sheria ya Mipango ya mwaka 2019 inataka ugawaji wa ardhi upate kibali cha Serikali ya Kaunti. Na kibali hicho ndicho mahali pa kuiandika njia hiyo, isibaki kuwa neno la mdomo. Na mwenye kutaka thawabu aweza kuitoa njia iwe wakfu au sadaka yake. Wazee wetu walichimba visima na kuviweka wakfu. Katika mji wa leo njia ni kisima cha pili.

La tatu, mashauri ya njia yasisikilizwe tena na Kamati kama ugomvi wa watu wawili. Mtaa mzima uitwe, maana mtaa mzima ndio upitao.

La nne, Kamati ipeleke Daftari hilo katika ofisi ya mipango ya Kaunti, kuanzia mitaa ya Likoni iliyo karibu na barabara mpya. Tuombe kwamba panapokatwa viwanja vipya, njia zipimwe kwanza, viwanja baadaye. Na panapojengwa barabara kubwa, tuombe vivuko vya miguu viachwe mahali ambapo njia za zamani zilikuwa zikipita, ili barabara inayounganisha mji mmoja na mwingine isiwatenganishe watu wa mtaa mmoja.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji kamba, vigingi, kalamu, na watu wasioona haya kumwambia ndugu yao, "Hapa ni njia." Makupa inatufundisha kwamba hata kosa la zamani laweza kutengenezwa: boma lile lilizuia maji ya bahari yasipite kwa miaka mingi, na mwaka 2022 likafunguliwa daraja jipya ili maji yapite tena chini yake. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa sana, na sisi hatuna hazina ya serikali. Sisi tuna wakati tu, nao si mwingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Na katika shauri hili la njia, tukijenga ukuta leo, watoto wetu watatafuta ufa wa kupitia.

Naliweka shauri hili mikononi mwenu mlijadili na kulikata.